Jahazi na Shehena: Dawa za Lehemu na Vitamini Zilizomo Damuni

Mwaka 1913, mjini St. Petersburg, Nikolai Anitschkow aliwalisha sungura lehemu iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti. Mishipa yao ya damu ikajaa utando wa mafuta. Tangu hapo lehemu, au kolesteroli kama wengi tunavyoiita, ikaonekana adui. Kumbe mwili wenyewe huitengeneza, maana kuta za seli na baadhi ya homoni hujengwa kwayo. Huwezi kuikata njia yake bila kugusa mengine.

Dawa ya triparanol ilithibitisha hilo kwa uchungu. Iliingia sokoni Marekani karibu na mwaka 1960, ikaondolewa 1962 baada ya watumiaji kupata mtoto wa jicho na kunyonyoka nywele. Ikaja kolestiramini, ambayo haiingii hata damuni: hunasa nyongo ndani ya utumbo ikatoka nayo. Lakini nyongo ndiyo inayosaidia vitamini A, D, E na K kufyonzwa pamoja na mafuta, kwa hiyo anayeitumia kwa wingi na kwa muda mrefu anaweza kupungukiwa nazo kweli.

Njia nyingine ilifunguliwa Japani. Kuanzia 1971, Akira Endo na wenzake katika kampuni ya Sankyo, Tokyo, walichunguza aina zipatazo 6,000 za kuvu. Mwaka 1973 wakapata kompaktini kutoka kuvu aitwaye Penicillium citrinum. Ndiyo statini ya kwanza, yaani ya kwanza katika dawa zinazozuia mwili kutengeneza lehemu. Mwaka 1987 lovastatini ya kampuni ya Merck ikaruhusiwa Marekani.

Statini huziba mto wa lehemu karibu na chemchemi yake, na mto huo una matawi. Tawi mojawapo hutengeneza koenzaimu Q10, iliyogunduliwa na Frederick Crane huko Wisconsin mwaka 1957 katika moyo wa ng'ombe. Hiyo husaidia seli kupata nguvu, tena hukinga mafuta yasiharibiwe na oksijeni, uharibifu unaofanana na kutu ya chuma. Mwaka 1990 Karl Folkers na wenzake walionyesha kwamba lovastatini huishusha damuni. Hofu ikaenea, na inaeleweka: mgonjwa anayetumia statini na kuumwa misuli ana haki ya kuuliza dawa yake inamnyang'anya nini.

Hata hivyo, hapa ndipo ninapoona wengi wamepotea njia. Koenzaimu Q10 na vitamini E haziyeyuki katika maji ya damu, bali hupakiwa kwa sehemu kubwa ndani ya chembe za LDL, zilezile zinazobeba lehemu. Statini hufanya ini lizivute chembe hizo kwa wingi. Majahazi yakipungua bandarini, shehena yote itaonekana imepungua, ingawa kila jahazi limejaa kama zamani. Ndiyo maana kipimo cha vitamini E chenye maana ni kile kinacholinganishwa na lehemu, na kwa hesabu hiyo upungufu mara nyingi hutoweka. Kwa koenzaimu Q10 jambo halijawa jepesi hivyo: ndani ya msuli wenyewe, tafiti hazikubaliani.

Tangu miaka ya 1980 wanasayansi walikuwa wakisisitiza kwamba LDL iliyopata "kutu" ndiyo inayoharibu mishipa. Ikaonekana dhahiri kwamba vidonge vya vitamini zinazozuia kutu hiyo vingesaidia. Uingereza ikapima statini na vitamini kwa pamoja, kwa watu 20,536. Baadhi walipewa simvastatini miligramu 40, na baadhi vitamini E miligramu 600, vitamini C miligramu 250 na beta-karotini miligramu 20, kila siku kwa miaka mitano. Matokeo yakatangazwa 2002. Vitamini E damuni iliongezeka karibu maradufu, lakini mishtuko ya moyo, viharusi na vifo havikupungua. Simvastatini, ile iliyoshutumiwa kuwa inapunguza vitamini, ilipunguza mishtuko ya moyo na viharusi kwa takriban robo.