Mawese, samaki na maungo yenye kuuma: mafuta yanafanya nini mwilini?

Kwa soko la Lubudi, sawa na Kolwezi, mwenye kuumwa magoti anapewa mashauri mengi: acha mawese, nunua vidonge vya omega-3. Mbele ya kutoa franka zako, ndugu msikilizaji, soma kwanza.

Mchochota ni nini?

Ukijikata na jembe, kidonda kinakuwa chekundu, kinavimba na kupata moto. Huo ni mchochota. Kwa hospitali wanauita enflamasio. Mwili unapigana na mikrobi na kujitengeneza. Shida iko pale unapokataa kuisha, kama katika ugonjwa wa maungo ambamo mwili unajishambulia wenyewe.

Omega inaingia wapi?

Kuko mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea: omega-6 na omega-3. Lazima yatoke kwa chakula. Kutokana na omega-6 mwili unatengeneza prostaglandini, zenye kuleta maumivu na joto. Mwaka wa 1971 John Vane, wa Uingereza, alionyesha kwamba aspirini inatuliza kwa kuzuia prostaglandini hizo. Omega-3 ya samaki inatoa vitu vyenye ukali mdogo, na vingine vinavyosaidia uvimbe kuisha.

Lakini omega-6 si sumu. Majaribio kwa watu wenye afya hayakuonyesha kwamba kuiongeza kwa chakula kunapandisha mchochota.

Ndani ya sufuria zetu

Mawese: karibu nusu ni yale mafuta yenye kuganda, sehemu 4 juu ya 10 ni ya aina iliyo nyingi katika zeituni, na omega-6 ni kama sehemu 1. Omega-3 karibu hakuna. Rangi yake nyekundu inaupa mwili vitamini A. Ukiyachoma mpaka yawe meupe, unaipoteza.

Alizeti ina omega-6 nyingi, karanga inayo kiasi. Zote mbili karibu hazina omega-3. Soya inayo kidogo. Sombe na matembele pia vinayo, ila mwili unageuza kidogo tu kuwa ya aina ya samaki.

Njo maana samaki ni wa lazima: ndakala, Thomson, ao wale wa maziwa ya Upemba. Huko Tanzania, watafiti walipima damu ya akina mama: wale wa Sengerema, kando ya Ziwa Victoria, wenye kula samaki sana, walikuwa na omega-3 nyingi kuliko Wamasai, wasiokula samaki sana.

Na vidonge?

Kwa ugonjwa ule wa maungo, majaribio yalionyesha nafuu kiasi kwa gramu karibu 3 za omega-3 ya samaki kila siku, kwa miezi kadhaa. Kidonge cha kawaida cha gramu 1 ya mafuta kina miligramu kama 300 tu za omega-3 yenyewe. Ni kusema vidonge 10 kwa siku! Kimoja kwa siku hakifiki hapo.

La kufanya

- Usiache mawese. Punguza kipimo, na usiyachome mpaka yatoe moshi.
- Mafuta ya kukaangia mandazi yakigeuka meusi, yamwage.
- Tia samaki kwa sombe mara 2 kwa juma, ukiweza.
- Usiache dawa ya munganga juu ya vidonge. Unayekunywa dawa ya kulainisha damu, muulize kwanza.
- Mtoto mwenye maungo kuvimba pamoja na homa apelekwe hospitali siku ileile.