Kariakoo, kutoka pembe gani?

Wadau, juzi nilipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne ya jengo moja Mtaa wa Aggrey kumsalimia rafiki yangu wa tangu chuo. Yeye alisoma usanifu majengo, mimi uandishi wa habari, kwa hiyo yeye ana ofisi yenye feni na mimi nina daftari. Kwenye skrini yake kulikuwa na Soko Kuu la Kariakoo. Alianza kulichora kwa SketchUp baada ya ule moto wa Julai 10, 2021, kwa jinsi alivyolikumbuka na kwa picha za kuokoteza huku na kule.

"Shika kipanya, zungusha," akaniambia.

Nikazungusha. Nikaliinua soko, nikalilaza ubavu, nikaingia chini yake. Ndipo nikajiuliza, hivi zamani watu walilionaje jengo ambalo bado halijajengwa?

Tuanze na Wajerumani. Wao waliutazama mji huu kutoka juu, kama kunguru. Chukua ramani ya Kariakoo uone: Swahili, Nyamwezi, Sikukuu, Congo, mitaa imenyooka kama imepigwa rula, inakatwa na Mkunguni na Tandamti. Aliye juu haoni watu, anaona viwanja. Kwa macho hayo mji uligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi ili Mswahili akae upande wake. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 nao hawakubadili jicho. Waliweka hapa kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, na midomo ya wenyeji ikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo.

Jicho jingine lilikuja na Beda Amuli. Huyu alisomea usanifu Technion, kule Haifa, na ni miongoni mwa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kuifanya kazi hiyo. Soko alilolibuni lilijengwa miaka ya mwanzo ya 1970, na Mwalimu Nyerere akalifungua Desemba 1975. Mnalijua: miamvuli ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake, na huko chini ya ardhi shimoni. Ukisimama ndani unajisikia uko chini ya miti, mahali ambapo masoko yetu yalikuwa siku zote.

Sasa fikiria kulichora jambo hilo kwa mkono. Enzi zile hakukuwa na kipanya. Mchoraji alichagua kwanza mahali pa kusimama, akapiga mstari wa upeo wa macho, akaweka nukta ambako mistari yote inayokwenda mbali itakutana. Mara nyingi nukta hizo zinaangukia nje kabisa ya karatasi, pengine mezani. Kanuni hiyo ilijaribiwa na Brunelleschi mjini Florence mwanzoni mwa karne ya 15, na Alberti akaiandika mwaka 1435. Ugumu wake ni kwamba bosi akisema "sogea kushoto kidogo", unaanza upya na karatasi mpya. Kwa hiyo pembe ilichaguliwa kwa uchungu, na ikishachaguliwa ndiyo hiyohiyo.

Kompyuta ilikuja kuondoa uchungu huo. Mwaka 1963 pale MIT, Ivan Sutherland alionyesha Sketchpad, mchoro unaochorwa kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Mwaka huohuo mwenzake, Timothy Johnson, akaigawa skrini sehemu nne: juu, mbele, ubavuni, na ya nne kitu kile kama jicho linavyokiona. AutoCAD ilitoka Desemba 1982 ikiwa bapa kama karatasi. Toleo la 10 la mwaka 1988 ndilo lililompa mchoraji kamera: unaandika jicho liko wapi na linatazama wapi. Ilikuwa kazi ya kuandika amri. Kuzungusha kwa kuburuta kulikuja na AutoCAD 2000. Kisha Google wakainunua SketchUp mwaka 2006 na kuitoa bure, hata mwanafunzi asiye na kitu akaweza kulizungusha ghorofa.

Rafiki yangu akanifanyia mchezo. Aliishusha kamera mpaka mita 1.6, urefu wa macho ya mtu, akaisimamisha kona ya Mkunguni na Swahili. Miamvuli ya Amuli ikapotea karibu yote. Uliyobaki ni ukingo wa zege na ukuta. Kisha akachukua mtaa mwingine wenye maghorofa, akaitanua lenzi kutoka nyuzi 35, ambazo programu inakuja nazo, hadi 80. Jamani! Kichochoro kikawa kipana kama Barabara ya Morogoro.

"Wateja wanaipenda hii," akasema.

Hapo ndipo sikucheka tena. Mabango ya "jengo linakuja hapa" tunayaona kila kona ya Kariakoo, na yote yamechorwa hivyo: angani kidogo, lenzi pana, miti ambayo haipo. Hakuna hata moja linaloonyesha chini ya ardhi. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka hapahapa Kariakoo na zaidi ya watu 20 wakafa. Nilikuwa pale na daftari langu. Mashuhuda waliniambia kulikuwa na uchimbaji chini ya jengo. Machi 29, 2013, Mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka la ghorofa 16 na watu 36 wakapoteza maisha.

Nikamwuliza kama programu inaweza kukata ardhi. Akabofya mara mbili, udongo ukafunguka kama keki. Shimoni la Amuli likaonekana, nguzo zikishuka hadi chini zikiwa zimepangana moja kwa moja na zile za juu.

"Mteja amewahi kukuomba mchoro huu?"

Akafikiri. "Wa kupeleka manispaa, ndiyo. Wa kuweka kwenye bango, hapana."

Nilipoaga akaniuliza anichapie pembe ipi niondoke nayo. Nikachagua ile ya mita 1.6, kona ya Mkunguni na Swahili.

"Hiyo haionyeshi jengo," akalalamika, lakini akaichapa.