Malaika wa Chicago

Katika filamu Compensation ya mwaka 1999 yumo msichana wa Chicago aitwaye Malaika. Ni Mmarekani mweusi, ni kiziwi, na huzungumza kwa mikono. Jina lake ndilo lililonivuta kwanza, maana msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa maana yake. Nikaifuata filamu ile nyuma, nyuma tena, hadi enzi za sinema isiyo na sauti.

Mwaka 1913 George Veditz, kiziwi mzungu aliyewahi kuwa rais wa Chama cha Taifa cha Viziwi cha Marekani, alisimama mbele ya kamera akatoa hotuba kwa lugha ya alama. Mwaka 1880 walimu waliokutana Milano walikuwa wameazimia kwamba watoto viziwi wafundishwe kusema kwa mdomo, ishara ziondolewe darasani. Shule nyingi za Ulaya na Marekani zilifuata azimio hilo. Veditz aliogopa kwamba wazee wakifa, lugha itazikwa nao. Chama kikachangisha dola 5,000, kikawapiga picha mabingwa wake mmoja baada ya mwingine. Veditz aliona jambo ambalo wanaosikia hulipita tu: lugha ya alama haikuwa na maandishi yake ya kuihifadhi, basi filamu ndiyo ingekuwa karatasi yake.

Mabingwa hao wote walikuwa wazungu. Hapo ndipo roho inaponiuma. Watoto viziwi weusi walikuwa na shule yao tangu 1869, ilipofunguliwa ya kwanza huko Raleigh, North Carolina, na kadiri ubaguzi ulivyowatenga ndivyo lugha yao ilivyopata lafudhi yake. Ishara ambazo wazungu walianza kuzifanya kwa mkono mmoja, wao waliendelea kuzifanya kwa mikono miwili. Ishara za kwenye paji la uso hawakuzishusha. Waliitumia nafasi pana zaidi mbele ya mwili. Karatasi ya Veditz haikuwafikia. Mwaka 1925 chama kilekile kikawafungia weusi uanachama, na mlango haukufunguliwa hadi 1965.

Karibu na wakati ule wa Veditz, mjini Chicago, kamera ilikuwa mikononi mwa William Foster, mtu mweusi. Alitengeneza The Railroad Porter, kichekesho kifupi kuhusu mhudumu wa treni, ambacho wanahistoria hukihesabu miongoni mwa filamu za kwanza kabisa kutengenezwa na Mmarekani mweusi. Hakuna nakala iliyosalia. Sinema ya viziwi na sinema ya weusi zilizaliwa kama mapacha katika nchi moja, zikalelewa nyumba mbalimbali zisijuane.

Kiswahili huziita filamu za wakati ule filamu bubu. Jina hilo silipendi. Kiziwi aliyeingia ukumbini alisoma vibao vya maandishi kama jirani yake, akacheka jirani alipocheka. Mwaka 1927 ikaja The Jazz Singer, na kwa kuwa sasa waigizaji walisikika, vibao vikaanza kuondolewa. Nyota wake, Al Jolson, alikuwa mzungu aliyeimba akiwa amejipaka masizi usoni ili aonekane mweusi. Filamu iliyomfungia kiziwi mlango ndiyo iliyomdhihaki mweusi. Aliyekuwa kiziwi na mweusi alipigwa mara mbili kwa fimbo moja. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1947, Emerson Romero, kiziwi mzaliwa wa Cuba aliyewahi kuigiza enzi za vibao, alianza kuzikata filamu za sauti na kupachika maandishi kwa mkono wake mwenyewe ili wenzake wapate kutazama tena.

Sasa nimrudie Malaika. Mwongozaji wa filamu yake, Zeinabu irene Davis, si kiziwi. Alipokuwa mwanafunzi aliishi kwa muda Kenya, akawaona wapiga filamu kutoka Ulaya wakiwatumia Waafrika kama mapambo ya nyuma ya picha, na hapo ikamjia nia ya kushika kamera. Wamarekani weusi wengi wamewapa watoto wao majina ya Kiswahili tangu miaka ya 1960, lakini huyu alikuwa ameiona Afrika Mashariki kwa macho yake.

Hadithi ya filamu hiyo, iliyoandikwa na Marc Arthur Chéry, mwanzoni haikuwa na kiziwi ndani yake. Davis alikwenda kutazama mchezo wa Waiting for Godot, akamwona jukwaani Michelle A. Banks, mwigizaji mweusi kiziwi, na hadithi ikaandikwa upya kwa ajili yake. Hilo nalistahi sana. Ni wangapi wamefanya kinyume chake, wakaandika kiziwi kisha wakamtafuta anayesikia wa kumwigiza?

Banks na John Earl Jelks wanaigiza wapenzi wawili katika nyakati mbili. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ni Malindy, mshonaji kiziwi, na Arthur aliyehama kutoka Mississippi. Arthur hajui kusoma, kwa hiyo hata wakiandikiana hawaelewani, na Malindy ndiye anayemfundisha kusoma na kusema kwa mikono. Miaka ya 1990 ni Malaika na Nico, mkutubi wa watoto. Kifua kikuu kinawaingilia wale wa kwanza, Ukimwi hawa wa pili. Picha ni nyeusi na nyeupe, na maandishi yamesukwa ndani ya hadithi yenyewe, hivi kwamba anayesikia na asiyesikia wanatazama filamu moja.

Kipande nisichokisahau ni kile Malindy na Arthur wanapokwenda sinema. Wanatazama The Railroad Porter, ile iliyopotea. Davis aliitengeneza upya ili awe na cha kuwaonyesha. Msichana kiziwi mweusi ameketi gizani, anatazama filamu ya mtu mweusi, anaelewa kila kitu. Kwangu hapo ndipo wale mapacha walipokutana, baada ya zaidi ya miaka 80.

Filamu hiyo ilipigwa mwaka 1993, ikamalizika 1999, ikasambazwa kwenye majumba ya sinema mwaka 2025 baada ya kufanyiwa ukarabati. Hotuba ya Veditz ilikuwa imeingizwa katika Rejista ya Taifa ya Filamu ya Marekani mwaka 2010. Compensation iliingizwa mwaka 2024.

Karatasi nayo ilichelewa kuwafikia wazee wa shule zile za weusi. Carolyn McCaskill alisoma shule ya watoto weusi huko Talladega, Alabama. Alipohamishiwa ya wazungu mwaka 1968 alikuta haelewi ishara za walimu, akaanza kuzificha zake. Baadaye akiwa msomi alizunguka na wenzake katika majimbo sita ya kusini wakiwarekodi wazee kwa video, na kitabu chao kilichotoka 2011 kilikuja na DVD ya mikono ile.

Siku hizi nyuso za viziwi weusi zinaonekana: Lauren Ridloff aliigiza shujaa kiziwi katika filamu Eternals mwaka 2021. Lakini uso ni wa kukodiwa. Kalamu na kamera ndizo anazozishika Jade Bryan, mwanamke mweusi kiziwi aliyesomea filamu Chuo Kikuu cha New York, akatengeneza If You Could Hear My Own Tune, akaanzisha na hashtagi ya #DeafTalent kudai kwamba nafasi za viziwi wapewe viziwi. Wenye fedha za filamu wamchangie yeye na wenzake, maana hadithi za viziwi weusi wanazijua wao.

Nawe msomaji, ukiwa na mzee kiziwi nyumbani au mtaani, mwombe ruhusa. Simu yako ina kamera. Mrekodi akisimulia utoto wake kwa alama zake mwenyewe, mikono yote ionekane kwenye fremu, kisha andika jina lake, mahali na mwaka.