Kutoka gome la mti hadi kiraka cha kikwembe: historia ya sindano Masisi na Walikale

MASISI / WALIKALE, Kivu Kaskazini – Mshonaji wa Masisi akikimbia vita, mara nyingi habebi mashini yote. Anafungua skrubu zinazoishika kwenye meza, anainua kichwa cha chuma, anakifunga ndani ya kikwembe na kukitia mgongoni kama mtoto. Ni mzigo wa zaidi ya kilo 10. Meza na miguu yake ya chuma inabaki nyumbani, na mwenyewe anajua kwamba akirudi hataikuta. Historia ya kushona katika maeneo haya mawili inaanza mbali zaidi ya hiyo mashini, lakini ni vizuri kuikumbuka tangu mwanzo, kwa sababu tutaikuta tena barabarani.

Kabla ya kitambaa cha pamba, msitu wa Walikale ulikuwa na nguo yake. Wanaume walibandua gome la mti, wakalilowesha, wakalipiga kwa nyundo polepole mpaka likapanuka na kulainika. Gome halikosi tundu: pale tawi lilipoota, pale nyundo ilipozidi. Tundu hilo lilizibwa kwa kipande kingine, kikashonwa. Ndugu zetu wa Uganda bado wanatengeneza nguo ya gome, ile ya Baganda, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa dunia nzima. Wakuba wa Kasai walienda mbali zaidi: waliunga vipande vidogo vya gome vya pembe tatu, cheusi kando ya cheupe, mpaka vikawa nguo kubwa. Kwa hiyo anayesema kuunga vipande ni ufundi ulioletwa na wamisionari hajauliza wazee.

Pamba ilifika kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara kutoka Zanzibar ilivuka Tanganyika, ikaingia Maniema, ikajenga vituo Nyangwe na Kasongo. Mzigo wao mkubwa ulikuwa merikani, kitambaa cheupe kigumu kilichofumwa Massachusetts, Marekani, na kupewa jina la nchi kilikotoka. Kilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na kilitumika kama pesa. Kilinunua pembe za ndovu. Kilinunua watu pia. Lugha ya Kiswahili tunayosema leo Walikale ilipitia njia hiyo hiyo. Marekani ilipopigana yenyewe kwa yenyewe, kutoka 1861 hadi 1865, merikani ilipungua na kitambaa cha Bombay kikachukua nafasi yake. Vita vya mbali vinaweza kubadilisha nguo ya mtu asiyejua hata jina la nchi inayopigana.

Wabelgiji walileta mashini, na mashini ilikuwa ya mwanaume. Fundi alikaa kwenye baraza la duka, akakanyaga, watu wakasubiri. Wamama walifundishwa sindano ya mkono kwa masista, na baadaye katika foyer social za mijini, pamoja na kupika, kupiga pasi na kufuma. Shabaha ya foyer ilikuwa kumtengeneza mke wa karani. Wanafunzi wake walichukua ufundi, shabaha wakaiacha hapo.

Kikwembe kilipata nguvu mpya wakati wa Mobutu. Tangu 1972, kwa siasa ya authenticité, suti na tai vilikatazwa, wanaume wakavaa abacost, na mwanamke aliyevaa suruali aliweza kusumbuliwa njiani. Katazo hilo lilidumu hadi Aprili 1990. Lilikuwa amri ya kuchosha, lakini kwa washonaji lilikuwa kazi. Bale ya yadi 6 ilikatwa mara tatu, fundi akashona, na vitambaa vya Sotexki ya Kisangani viliweza kushuka kwa gari kupitia Lubutu, Walikale na Hombo mpaka Bukavu. Barabara hiyo ilipokufa, bidhaa zilipanda hewani. Wakati wa biashara ya kasiterite ya Bisie, ndege ndogo zilitua juu ya lami yenyewe, pale Kilambo, zikishusha mizigo ya dukani na kupakia madini. Hapo Walikale sabuni, bia na kikwembe vilikuwa na bei ya ndege.

Ndiyo maana hakuna aliyetupa kipande. Chini ya kila mashini kuna rundo la mabaki: pembe ya waksi, ukanda wa buluu wa iniforme ya shule, kona ya kikwembe cha tarehe 8 Machi. Yaliyo madogo sana yanajaza mito. Yanayotosha kiganja yanatengwa kwa rangi, yananyooshwa kwa pasi ya makaa, yanaungwa kuwa ukanda, na kanda zinaungwa kuwa blanketi la mtoto. Chini yake inawekwa blanketi kuukuu, kisha sindano inapita tabaka zote ili zisitelezane. Katika milima ya Masisi, penye vijiji vilivyo juu ya mita 2,000, usiku si wa kuchezea. Huko Marekani kazi hiyo ya mwisho inafanywa na mashini yenye mkono mrefu, inayotembea juu ya blanketi lote lililotandazwa kwenye fremu. Huku ni mkono wa mama na jioni nyingi.

Si huku peke yake. Karnataka, nchini India, wanaishi Wasiddi, wajukuu wa Waafrika ambao wengi wao walipelekwa Goa na Wareno kama watumwa. Wamama wao wanashona blanketi la viraka vya nguo zilizochakaa, wanaliita kawandi. Wanaanza kwenye ukingo na kuzunguka kuelekea katikati, na kila kona lazima ipewe phula, yaani ua. Blanketi lisilo na maua hayo, wanasema, liko uchi.

Machi 1993 mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakaingia Masisi. Tangu hapo kukimbia hakujaisha kweli. Na vita ndivyo vilivyomsukuma mwanamke kwenye mashini, kwa sababu shamba lilibaki nyuma. Huko Goma, hospitali ya HEAL Africa, ambayo majengo yake yalichomwa na lava ya Nyiragongo Januari 2002 na kujengwa upya, iliwapa sindano wamama waliosubiri kupasuliwa fistula. Kusubiri kulikuwa kurefu, wengine walirudiwa mara kadhaa, na mikono ilihitaji kazi. Mwaka 2010, kati ya Julai na Agosti, wapiganaji walishambulia Luvungi na vijiji vya jirani katika Walikale. Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 300 waliobakwa. Baada ya mambo kama hayo, kukaa pamoja na kushona bila kulazimishwa kusema si jambo dogo.

Mashirika yaliendelea kugawa mashini. Hapa lazima isemwe: mashini moja kwa wasichana watano, bila kitambaa, bila uzi wa miezi ya kwanza, bila kibanda cha kazi, ni ugomvi uliopakwa rangi. Nyingi ziliuzwa, na aliyeuza hakuwa mvivu. Zilizodumu ni zile ambazo kikundi kilikubaliana tangu siku ya kwanza nani anashika ufunguo na nani anashona Septemba, wakati wa iniforme, msimu ambao fundi anakula.

Januari 2025 Masisi-centre, Sake na Goma viliangukia mikononi mwa M23. Machi ikawa zamu ya Walikale-centre, kwa muda wa wiki chache. Mwezi Februari kambi za pembeni ya Goma, Bulengo, Lushagala, Rusayo, zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi. Vichwa vya mashini vikafungwa tena ndani ya vikwembe.

Aliyefika kijijini na kukuta miguu ya chuma imekwenda anatafuta seremala. Meza ya mbao inatobolewa kwa kipimo cha kichwa, na kwa kuwa hakuna tena pa kukanyaga, gurudumu linatiwa mpini wa kuzungushia. Mama anaelekeza kitambaa kwa mikono miwili. Mtoto ndiye anayezungusha, na anapochoka wanabadilishana na dada yake.