Kompyuta Imwamini Nani?

Fundi wa Queensburgh, magharibi ya Durban, akitaka leo seva moja ya mfumo endeshi wa FreeBSD itunze faili za ofisi nzima kwa usalama, huongeza mstari wa KGSSAPI kwenye usanidi wa kerneli, yaani kiini cha mfumo, akaiunda upya na kuwasha programu ya gssd. Mstari huo umebeba miaka mingi ya mvutano.

Sun Microsystems walipoleta NFS, njia ya kutumia faili za seva kupitia mtandao, mwaka 1984, seva iliiamini mashine inayoomba. Ombi lilikuja na namba ya mtumiaji, tuseme 1001, likapokelewa hivyo hivyo. Mwenye mamlaka kamili juu ya kompyuta yake alijipa namba 1001 na kusoma faili za mwenzake bila kuulizwa nywila. Maabarani, watu wakijuana, haikuwasumbua wengi. Mtandao ulipovuka kuta za jengo, mlango ukawa wazi kwa kila mtu.

Dawa, iliyoitwa Kerberos, ilitoka chuo cha MIT cha Marekani, kwenye mradi wa Athena ulioanza 1983. Kwa Kerberos, mtumiaji hujithibitisha kwa seva ya tatu, akapewa tiketi ya muda. Nywila yenyewe haipiti kwenye waya. Ila sheria za Marekani ziliuweka usimbaji fiche kundi moja na silaha, hivyo MIT wakatoa nje ya nchi nakala iliyonyofolewa usimbaji. Mtayarishaji programu Eric Young, akiwa Australia, akaurudisha, ikazaliwa eBones.

Hapo ndipo Afrika Kusini inapoingia, na sijaona sehemu hii ikisimuliwa inavyostahili. Katikati ya miaka ya 1990, watumiaji wa FreeBSD walio nje ya Marekani walielekezwa kuchukua eBones na DES, programu ya usimbaji fiche, kwenye seva ya CSIR, taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini, chini ya uangalizi wa Mark Murray, msanidi wa FreeBSD. Nchi iliyounganishwa na intaneti mwaka 1991 tu, kupitia Chuo Kikuu cha Rhodes, ikawa ghala la ulinzi wa watu wa mabara mengine. Marekani walilegeza masharti yao ya usimbaji Januari 2000.

Kanuni ya RPCSEC_GSS, iliyotoka 1997, ndiyo iliyoifungamanisha Kerberos na NFS, FreeBSD 8.0 ikaiingiza kwenye kerneli mwaka 2009, kupitia mstari ule wa KGSSAPI. Viwango ni vitatu: krb5 huthibitisha mtu, krb5i huzuia data kuchezewa njiani, krb5p huificha yote. Kwa ofisi ya Queensburgh inayotumiana faili na tawi la katikati ya Durban, nashauri krb5p, hata kama kasi itapungua. Saa za mashine zisipishane zaidi ya dakika tano, la sivyo tiketi hukataliwa.

Tangu 2022 kuna kanuni rasmi ya kupitisha NFS ndani ya TLS, usimbaji wa mawasiliano unaotumia vyeti, na wengi wanaikimbilia kwa wepesi wake. Cheti chake kwa kawaida hutambulisha mashine, si mtu anayeitumia. Panapokaa watu wengi kwenye kompyuta moja, Kerberos isiondolewe.