Franka ya barabara: tumuulize nani?

Wandugu wasomi wa Kindu, barabara ikikatika, bei ya chumvi na mafuta inapanda sokoni na sisi wote tunasema: "Office des Routes wamelala." Mimi naomba tuangalie historia kwanza.

Office des Routes iliundwa tarehe 26 Machi 1971, wakati wa Mobutu. Ilipewa barabara kuu za nchi, madaraja na vivuko vya magari mitoni.

Tarehe 7 Julai 2008 zikatangazwa sheria za kubadilisha mambo. Moja iliunda FONER, mfuko wa kutunza barabara. Mfuko huu unapata franka kwenye kila litre ya mafuta na kwenye péage. Zingine zilipanga upya mashirika ya serikali. SNCC, ile ya treni yetu, ikafanywa kampuni ya biashara. Office des Routes ikabaki shirika la umma. Juu ya nini? Treni inauza tiketi, lakini daraja la kijijini haliwezi kuleta faida.

Kwa maoni yangu, jambo kubwa la 2008 ni hili: anayeshika franka si yule anayeshika jembe. Ubaya wake, kila mmoja anaweza kumnyoshea mwenzake kidole. Uzuri wake, kuna vitabu viwili vya hesabu, na mtu anaweza kuvilinganisha.

Huyo mtu ni nani? Katiba ya 2006, kifungu cha 100, inasema Bunge linachunguza serikali pamoja na mashirika ya umma. Kifungu cha 138 kinataja njia zake: swali la mdomo au la maandishi, interpellation, tume ya uchunguzi, na kuwaita wakubwa mbele ya kamati. Ikibidi, mambo yanaweza kufika mpaka motion ya kumtoa waziri. Assemblée ya jimbo letu, kwa kifungu cha 197, inachunguza serikali ya jimbo na huduma za jimbo na za mtaa. Kwa hiyo swali la Office des Routes lipelekwe kwa madepite wetu wa Kinshasa.

Depite akirudi likizo, tusimuulize tu "barabara lini?" Tumuulize: FONER ilitoa franka ngapi kwa barabara za Maniema, Office des Routes ilipokea ngapi, na zilitengeneza kilomita zipi? Akikosa jibu, tumwombe aandike swali hilo. Barua ya kumwomba hivyo, sisi wenye diplôme tunaweza kuiandika wiki hii.