Pareto, Chandarua na Usugu wa Mbu Mombasa

Dawa ya chandarua na ile ya koili inayowashwa jioni Likoni, Kisauni na Changamwe zimetokana na kemia ya ua moja, pareto. Kwa miongo mingi Kenya iliongoza duniani kwa zao hilo, na shehena zake zilipitia bandari ya Kilindini. Sumu ya ua lenyewe huharibika upesi juani. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, sumu ya kuigiza pareto iliyostahimili mwanga, na hapo kitambaa kikaweza kukaa na dawa kwa miezi.

Jaribio kubwa la pwani lilifanywa Kilifi, kaskazini ya hori ya Mtwapa inayopakana na Kisauni, kuanzia 1993 hadi 1995. Vyandarua vilichovywa katika permethrini, vikaanikwa, kisha vikachovywa tena kila miezi 6. Vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa 33%.

Mbu, hata hivyo, alikuwa ameshapimana nguvu na DDT, sumu ya wadudu iliyotangulia. Sumu hiyo na jamaa za pareto hulenga mahali pamoja: vijia vya sodiamu kwenye neva, ambavyo huzuiwa visifunge, mdudu akatetemeka na kuanguka. Mwaka 2000 mbu wa *Anopheles gambiae* kutoka magharibi mwa Kenya walielezwa kuwa na badiliko dogo la jeni: katika nafasi ya 1014 ya kijia hicho, asidi amino ya lusini imeiachia nafasi ile ya serini, na sumu haishiki vizuri. Hakuna mbu anayejifunza kuvumilia dawa. Wasio na badiliko hufa, wenye nalo hutaga.

Njia ya pili ya usugu ni ya vimeng'enya. Vile vya jamii ya P450 huvunja sumu kabla haijafika kwenye neva. *Culex*, mbu wa mashimo ya vyoo, hutumia esterasi: jeni yake hujirudia mara nyingi, na kimeng'enya kikazagaa mwilini kikinasa sumu za fosforasi. Utafiti wa 1991 ulikuta nakala za aina moja ya jeni hiyo Afrika, Asia na Amerika ya Kaskazini, dalili kwamba zilisafirishwa. Mji wa bandari hauna sababu ya kushangaa.

Vyandarua vipya huongezwa piperonili butoksidi, inayozima P450. Vingine vina klorofenapiri, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023. Hiyo huingia mwilini ikiwa dhaifu, na ni vimeng'enya hivyo hivyo vya mbu vinavyoigeuza kuwa sumu kali.